Binti wa Uuguzi na Foleni Ndefu

Juzi nilikwenda ofisi moja pale Posta, wanakoandikisha wasichana wa kusomea unesi, kumwulizia binti yangu nafasi. Karani alitoka, akatangaza masomo ni matatu: uuguzi wa wodini, ukunga, na afya ya vijijini. Kisha akarudi ndani bila kutuambia dirisha lipi ni la nini.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kariakoo, kapu mkononi, na binti yake.

“Mama, mimi nataka ukunga,” binti alinong’ona.

Mama akanyoosha shingo, akazipima foleni zote tatu kwa macho, akamkamata mkono. “Twende ile ndefu.”

“Ile ya nini?”

“Utajua ukifika dirishani. Kwani sukari ya dukani tunaipataje, si kwa kufuata foleni ndefu?”

Wakahamia. Na mimi, msomaji wa gazeti, nikawafuata mbio.

Baada ya muda mama akanigeukia. “Baba, hivi hapa wanaandikisha nini?”

“Sijui, mama. Mimi nimewafuata ninyi.”

Dirisha likafunguliwa. Karani akauliza kwa sauti, “Ndugu zangu, kila mmoja anajua anachotaka?”

“Tunajua!” tukaitika foleni nzima.

Binti peke yake ndiye aliyenyamaza.