Gari liliponyamaza, Mama Polepole alidhani njia ni nyeupe

Asubuhi na mapema, ua wa kituo cha kusafishia damu bado una umande. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la kazi analizunguka gari jeupe la abiria, kitambaa kibichi mkononi. Milango yenye vumbi haimshughulishi, wala matope yaliyoganda kwenye matairi. Anachopangusa ni vidude vyeusi vilivyopachikwa kwenye bampa, kila kimoja kama kifungo cha koti, halafu anapanda kigoda na kufuta sehemu ya kioo cha mbele ambapo kamera imejibanza.

"Likizibwa macho halirudii kusema kwamba halioni," anasema bila kugeuka. "Linanyamaza. Na mimi kile kimya chake ndicho kilichonimaliza."

Hapa kituoni wanamwita Mama Polepole. Kazi yake ni kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani, kuwaleta kwenye mashine na kuwarudisha, siku sita kwa wiki. Wengi wao wakitoka kwenye mashine hawana nguvu hata ya kufunga mkanda. Jina alilipata kwa uendeshaji wake. Wagonjwa husema gari lake likipita kwenye shimo, shimo ndilo linaloomba radhi.

Ameshika usukani kwa miaka kumi na tisa. Alifundishwa na marehemu baba yake, dereva wa malori, kwenye gari ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. "Baba aliniambia gari halina akili, akili ni yako. Likikosea, umekosea wewe. Nikakua na hilo."

Mwaka jana kituo kilipewa gari jipya. Linafunga breki lenyewe likiona kitu mbele. Linapiga kelele dereva akitoka nje ya mstari. Kwenye vioo vya pembeni kuna kitaa cha njano kinachowaka iwapo chombo kingine kimejificha pale ambapo kioo hakifiki. Aliyelileta alimweleza haya yote wakiwa wamesimama uani, injini ikiwaka, huku akitazama simu yake. Akamkabidhi funguo na kitabu kinene, akaenda zake.

"Nilijiona nimepewa mume mpya bila kuulizwa," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Amani na mume huyo haikudumu hata mwezi. Siku moja ya upepo, akiwa na wagonjwa wanne, boksi tupu lilipeperuka na kukatiza barabara. Yeye aliliona, akajua ni boksi, akaendelea. Gari halikujua ni boksi. Lilijifunga breki kwa nguvu zake zote.

Nyuma yake alikuwa amekaa fundi cherehani mstaafu anayejulikana kituoni kama Mzee Sindano. Jina hilo amejipa mwenyewe. "Nimedunga nguo za watu maisha yangu yote," huwaambia wauguzi, "sasa ni zamu yangu kudungwa." Mkono wake wa kushoto una mshipa uliotengenezwa na madaktari ili mashine ipate pa kuingilia, mshipa ambao ukiwa mzima hutetemeka chini ya ngozi. Mkono huo haubebi mzigo, haupimwi presha, haulaliwi. Siku ile uligonga kiti cha mbele.

"Ukavimba mbele ya macho yangu," anasema Mama Polepole. "Mshipa ukifa, ni upasuaji upya na miezi ya kusubiri, kama mwili utakubali. Nikakaa nje ya chumba namsikia muuguzi anauliza, 'Mzee, unausikia? Bado unatetemeka?' Nilikuwa nasema moyoni, tetemeka, tetemeka."

Mshipa ulipona. Imani haikupona. Tangu siku hiyo kila alipowasha gari, kabla ya kufunga mkanda, alibonyeza kitufe na kuizima ile breki. Gari hilo lina tabia ya kusahau: ukilizima na kuliwasha tena, breki inarudi kazini. Basi kila safari yeye na gari walianza kwa ugomvi.

"Nikamwambia, mwanangu, kama chombo kinaogopa boksi, mimi kitanifanya nini?" anakumbuka Mzee Sindano. "Nilimuunga mkono kabisa. Mimi ndiye niliyeumia!"

Kisha ikaja siku aliyosahau kubonyeza. Alasiri ilikuwa ya jua kali, jua lenyewe likimpiga usoni. Lori lilikuwa limesimama pembeni likishusha saruji. Kutoka nyuma yake akachomoza msukuma mkokoteni, kichwa chini, nguvu zote kwenye mzigo. Mama Polepole anasema alimwona. Ila mguu wake ulikuwa bado haujafika kwenye breki wakati gari liliposimama kama limegonga ukuta. Kati ya bampa na goti la yule mtu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Msukuma mkokoteni alishika kifua, halafu akagonga boneti kwa furaha. "Dada, uko macho! Mungu akuzidishie!"

"Shukrani ile haikuwa yangu," anasema. "Ningekuwa nimebonyeza kile kitufe, leo ningekuwa nimeua mtu."

Hakubonyeza tena.

Ukimwuliza ni lini alianza kuliamini gari kupita kiasi, anasema usingizi humpata mtu hivyo hivyo. Hakuna anayejua dakika aliyolala. Kwanza aliacha kuogopa breki. Kisha akazoea kile kitaa cha njano. Kabla ya hapo, akitaka kuhama njia, alitazama kioo halafu akageuza shingo kuhakikisha. Polepole ikabaki kutazama kitaa tu. Kikiwaka, anangoja. Kisipowaka, anahama.

"Shingo ilistaafu kabla yangu," anasema. "Na nilikuwa najisifu. Nilimwambia mume wangu, siku hizi nafika nyumbani sijachoka."

Msimu wa mvua ulipofika, barabara ya kituoni ilikuwa inachimbwa kutandazwa mabomba. Kila gari lilipita likirushiwa tope na lililotangulia. Asubuhi moja, kwenye dashibodi yakatokea maandishi na alama ndogo, yakakaa kidogo, yakapotea. Aliyaona. Gari hilo huandika mambo mengi: mkanda, mlango, maji ya kioo. Alidhani ni hayo hayo.

Mbele kulikuwa na basi lililoharibika. Akawasha indiketa, akatupa jicho kwenye kioo. Kitaa hakikuwaka. Akahama.

"Pikipiki! Pikipiki, mama!" Mzee Sindano alipiga ukelele kutoka nyuma.

Alirudisha usukani, lakini kioo cha pembeni kilikuwa tayari kimegusa mkono wa mwendesha pikipiki. Kijana huyo wa miaka thelathini hivi, anayejipatia riziki kwa kusambaza mitungi ya gesi, aliserereka hadi kwenye lundo la udongo wa mtaro. Udongo ule ndio uliomwokoa. Hata hivyo, alivunjika kifundo cha mkono na mfupa wa bega.

Mama Polepole alishuka bila kuzima injini, akapiga magoti kwenye tope. Mtu yule hakumtukana. Alimtazama tu, akasema maneno ambayo mwanamke huyu huyasikia mpaka leo akiwa anaosha vyombo.

"Mama, mimi nilikuwa nauona uso wako kwenye kioo. Wewe hukunitazama."

Walipokuwa wakimpakia garini, Mzee Sindano, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na mkono asioruhusiwa kuutumia, ndiye aliyesogea akampa kiti chake.

Fundi wa umeme wa magari aliyelikagua gari baadaye alikuta sensa ya nyuma, kidude cha kwenye bampa kinachowasha kile kitaa cha njano, imefunikwa na tope zito. Hakuna kilichoharibika. Yale maandishi yaliyopotea kwenye dashibodi yalikuwa yakisema kwamba upande huo gari halioni.

"Gari halikudanganya," anaeleza fundi huyo, akifuta mikono. "Lilisema mara moja, likanyamaza. Sisi binadamu tumeuchukua ukimya wake tukaufanya ndiyo. Lakini mimi simshauri dereva yeyote azime vitu hivi. Nimeona magari mengi yakiletwa hapa yamebondeka, na wenye nayo hawapo tena. Mengine yangeweza kusimama."

"Kwa hiyo tuyaamini au tusiyaamini?" Mama Polepole alimwuliza siku ile.

Fundi alikuna kichwa. "Yaamini kama unavyomwamini shemeji," akasema. "Mkaribishe, mpe kiti, lakini usimwachie funguo za nyumba."

Wote wawili walicheka, ila yeye alilala macho usiku huo. Tangu hapo ana hofu mbili, na kila moja inamvuta upande wake. Anaogopa gari litaona kisichokuwepo na kumwumiza mgonjwa. Anaogopa pia macho yake yatakosa kilichopo. Aliomba ahamishiwe stoo. Msimamizi akamwambia wagonjwa wamekataa.

"Walikuja wakiwa kundi," anasema. "Nikawaambia, nyie hamwogopi? Mmoja akanijibu, tunaogopa, ndiyo maana tunakutaka wewe unayeogopa."

Kwa mwendesha pikipiki huenda kila Jumapili. Mara ya kwanza mke wake alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Mara ya pili alimpa kiti. Sasa huachiwa mtoto ambebe. Mfupa wa bega umeunga, kifundo bado kigumu. Mtu huyo hajapanda tena pikipiki. Huisogelea, hushika usukani wake, kisha hurudi ndani kunywa maji. Hakuna anayemwuliza.

Lakini kinachomkosesha usingizi Mama Polepole kwa sasa kipo nyumbani kwake. Binti yake wa kwanza anajifunza udereva, na mafunzo yake mengi ameyapata kwenye gari la mjomba wake, ambalo nalo ni jipya na lina vitaa hivyo hivyo. Wiki mbili zilizopita mama alikaa kiti cha abiria amtazame. Binti aliwasha indiketa, akatupa jicho kwenye kioo, akahama.

"Simamisha gari," mama akasema.

"Mama, kuna nini?"

"Simamisha, nimesema!"

Walisimama kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na chombo chochote. "Kama kungekuwa na mtu, gari lingeniambia," binti alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. Mama alifungua mlango, akashuka, akasimama pale barabarani akilia, huku wauza saruji wakimshangaa.

Jumapili iliyofuata alimchukua binti huyo wakaenda pamoja kwa mwendesha pikipiki. Hakumwambia aseme chochote. Yule mtu alizungumza kuhusu mtoto wake, bei ya gesi, mvua. Wakati wa kuaga, binti alitaka kumpa mkono wa kulia, akaona kifundo cha yule mtu hakikunjiki, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

Msimamizi wa kituo amekubali ombi la Mama Polepole: Jumamosi ijayo madereva wote watakutana uani, sensa zifunikwe kwa tope moja baada ya nyingine, kila mmoja akae kwenye usukani aone gari likiwa kipofu linasema nini, na linanyamaza vipi. Mwendesha pikipiki amesema atakuja. Mzee Sindano amesema hata akiwa ametoka kwenye mashine, aletewe kiti.

Mtihani wa udereva wa binti ni keshokutwa. Mkufunzi wake anasema yuko tayari kabisa, hana kosa. Mama Polepole anaambiwa hivyo kwa simu akiwa anamsaidia mgonjwa kushuka. Anashukuru, anakata, anabaki ameishika simu kifuani.

Je, anataka binti yake afaulu?

Anamfikisha mgonjwa mlangoni, anamkabidhi kwa muuguzi, anarudi.

"Nataka afaulu, mzazi gani asiyetaka?" anasema. "Ila nilikuwa naomba Mungu isiwe kabla ya Jumamosi, kabla hajaketi kwenye gari lililozibwa macho."