Kihisi Kilichoambiwa Kinyamaze

Karakana nzima ilimwita Bi Kelele, na aliyembandika jina hilo ni kaka yake mwenyewe, mkuu wa karakana. Tangu utotoni, akilalamika, mama yao alimwambia, "Mwache kaka yako, anajua." Akazoea kumeza maneno. Siku ile yaligoma kumezeka.

Kazi yao ni kutengeneza vipande vya satelaiti kwa mashine inayotandaza unga wa chuma na kuuyeyusha kwa mwale wa leza, tabaka juu ya tabaka. Katikati ya kazi mashine husimamishwa, Bi Kelele akafyonza unga kwenye kitundu na kulaza humo kihisi kidogo kuliko punje ya mchele. Mashine ikiendelea hukifukia humo ndani, na kazi yake huwa kueleza chuma kinavutwa kiasi gani. Lakini kabla ya kuendelea, chuma kilichopoa lazima kipashwe moto upya, la sivyo tabaka jipya halishikani vizuri na la chini. Safari hii kaka mtu alikuwa na haraka zake. Akabonyeza kitufe.

"Kaka, hakijapata moto!"

"Haya, umeshaanza."

Sasa kipande chenyewe, kishikio cha tangi la mafuta, kilikuwa mezani, hakijabebeshwa hata kalamu, na kihisi kiling'ang'ania kwamba chuma kinavutwa. Jioni kishikio kilitakiwa kufungwa na kupelekwa kurushwa angani.

"Hicho kihisi kibovu," kaka akasema. "Kizime. Vya vipande vingine viko sawa."

"Na kama kinasema kweli? Tangi likichomoka huko juu, utampeleka fundi gani?"

"Usinitie aibu mbele ya watu. Kizime!"

Hasira zikampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Hivyo hivyo ndivyo alivyozimwa yeye nyumbani, miaka nenda miaka rudi, na amechoka, amechoka kabisa! Akakibana kishikio kwenye jiliwa, akawasha msumeno wa umeme. Safari hii aliyepiga kelele ni kaka.

Kilipokatika, ufa ulionekana wazi, umepita chini ya kihisi, pale pale mashine ilipoanza upya. Kihisi hakikuwa na kosa lolote.

Mafundi wakasogea kutazama. Kaka mtu akainama, akapitisha ukucha kwenye ufa, akarudia tena. Kisha akamgeukia dada yake.

"Sasa mbona hukusema mapema?"

Msumeno ulikuwa bado unanguruma mkononi mwa Bi Kelele. Akauzima haraka, maana hakujiamini kuwa nao karibu na kaka yake.