Ukuta wa Stoo

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Timazi, jina la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi huutundika kujua kama ukuta umesimama wima. Miaka thelathini hakuna aliyemwambia bomoa, rudia. Mali yake ilikuwa jina hilo tu. Mimi nilianza kwa kumchanganyia saruji, nikapanda hadi fundi lipu, na bado alinifokea kama mgeni wa kazi.

Mwaka ule tulipata kazi ya kujenga jumba la maonyesho ya sanaa. Msanifu wake, mwanamke mcheshi mwenye viatu vyekundu, alituletea ramani iliyotutoa jasho. Ukuta wa mbele ulale kuelekea nje. Dirisha moja liwe la upinde wa kale, jirani yake la mraba. Na nguzo nene yenye marembo ikomee nusu mita kabla ya dari.

"Sasa mama, nguzo isiyobeba kitu ni ya nini?" Timazi akauliza.

"Ya kukuchokoza, fundi. Waliotutangulia walitaka jengo liwe sanduku safi, kila kitu na kazi yake, pambo ni uchafu. Walidhani wamepata jibu moja la dunia nzima. Sisi tumelichoka. Tunaokota ya kale na ya jana, tunachanganya, tunatania. Wachoraji wanafanya hivyo hivyo. Wanafalsafa nao hawaamini tena kwamba ipo hadithi moja kubwa inayoeleza kila kitu. Mtindo huu wasomi wanauita usasaleo."

"Na fundi akikosea, mtajuaje?"

Msanifu akacheka. "Labda hatutajua."

Toka siku hiyo shemeji hakutulia. Anapanda jukwaani, anashuka, anapima alichokwisha kupima. Dada aliniambia nyumbani anahamisha viti bila sababu. Nilidhani amekasirishwa na mambo mapya, nikamtania: "Umepitwa na wakati, shemeji." Akanitukana tusi nisiloweza kuliandika.

Ukuta wa mbele ulilala sawasawa na ramani, maana vipimo nilimsomea mimi. Alidai miwani imevunjika. Ukuta wa stoo ya nyuma, ambao ramani iliutaka wima kabisa, aliujenga peke yake, akanifukuza nikapige lipu kwingine.

Ulipokwisha nilikwenda kuutazama. Ulikuwa umetuinamia kama mtu anayetega sikio. Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa na ukungu, na ukungu huo nilikuwa nikiuona miezi mingi nikijifanya siuoni. Niliona aibu.

Msanifu akaja, akasimama, akapiga makofi. "Fundi, hatimaye umenielewa! Hata stoo umeitia mzaha!"

Timazi akapanda jukwaani. Akatundika uzi wake juu ya ukuta, akauacha utulie, kisha akashusha vidole taratibu kati ya uzi na matofali. Juu havikupita. Chini vilipita vinne, na nafasi ikabaki.

"Bomoeni," akasema.

"Thubutu! Ndio mzuri kuliko zote. Tutautia vyuma kwa ndani, utasimama."

Alipoondoka, shemeji alinivuta pembeni. "Sioni. Tangu mwaka jana sioni vizuri. Ukuta huu ukibaki, nimekwisha."

Ulibaki.

Siku ya ufunguzi watu waliipita ile nguzo isiyofika dari bila kusimama, wakaenda kujazana kwenye stoo. Mwalimu wa chuo aliwaeleza wanafunzi wake kwamba fundi huyu ameidhihaki timazi yenyewe, chombo cha watu wanaodhani kunyooka ni kwa namna moja. Kisha akamgeukia shemeji. "Hebu tuambie, mzee. Hapa ulikusudia nini?"

"Nilikusudia unyooke."

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Wanafunzi wakaandika. Timazi akanyoosha mkono kulitafuta bega langu, maana mbele yetu palikuwa na ngazi tatu za kushuka.