Nilivyouliza Saa ya Kunyonyesha

Nilipoanza kazi ya kufua ovaroli za wachimbaji hapa Geita, mwanangu alikuwa na miezi minne. Nilimwacha na mdogo wangu kwenye chumba tulichopanga, si mbali na geti la kazini. Ikifika saa nne asubuhi maziwa yameshalowesha sare. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: natoka saa ngapi kwenda kunyonyesha?

Nikamuuliza dada wa pasi. "Utazoea." Nikamuuliza mama wa mashine kubwa, mtu mzima, nikaanza na shikamoo. "Marahaba, mayu. Usiwe na haraka, utazoea." Ananiita mama kwa Kisukuma chetu, huku mtoto wangu anapewa uji wa maji. Nizoee nini? Pale ukiuliza sabuni iko wapi, watu wanne wanakuonyesha. Ukiuliza haki yako, kila mmoja anakumbuka ana nguo za kuanika.

Basi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine tunasimama uani, msimamizi anatukumbusha usalama: glavu, buti, nyaya za umeme. Mwisho anauliza, "Kuna swali?" Tunajibu wote, "Hakuna," kama watu wanaoitikia amina. Siku moja nikanyoosha mkono. Alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Natoka saa ngapi kwenda kunyonyesha?"

Kuna mtu alicheka nyuma yangu.

"Dada, hilo njoo tuongee ofisini," msimamizi akasema.

"Glavu tumeziongelea hapa. Na hili tuliongelee hapa."

"Wewe mgeni una mdomo."

"Ninao. Na mtoto anao, ndiyo maana nauliza."

Akasema muda upo, tena kisheria, ila anayeutaka aombe. Yaani uombe kitu ambacho hakuna aliyekwambia kipo.

"Basi nimeomba. Saa ngapi?"

"Saa nne. Na saa nane."

Tulipokuwa tunavaa glavu, mama wa mashine kubwa akanisogelea. "Mimi wangu wawili nimewalea nikiwa hapahapa. Maziwa nilikuwa nakamulia kwenye sinki."

"Hukujua?"

"Nilisikiasikia. Niliogopa wataniona msumbufu."

"Ungeniambia hicho ulichosikia."

Akaenda kuwasha mashine yake. Sikumwonea huruma, na mpaka leo bado sijaweza.

Saa nne nikavua glavu, nikatembea kwenda getini, sikukimbia. Mlinzi akaniuliza naenda wapi muda wa kazi. Nikamjibu kwa sauti, hata waliokuwa kwenye kamba za nguo wasikie: nakwenda kunyonyesha, na saa nane natoka tena.