Kibende Nyuma ya Daftari la Kichina

Simu ya maandishi kutoka kwa kaka ilinikuta katikati ya muhula wa pili wa Kichina cha ngazi ya kati. Ilikuwa na maneno matano: mama amepooza, kama unaweza njoo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nasoma China kwa ufadhili, kwenye chuo kikuu cha mji mmoja wa kaskazini. Darasa la kati lilinichosha kuliko la mwanzo. Kule mwanzo wote tulikuwa hatujui kitu, na walimu walituonea huruma. Sasa vitabu viliacha kutuandikia matamshi, na mwalimu akaacha kusema polepole. Niliweza kununua soksi na kuulizia njia ya posta, lakini mtu akianza kunieleza yaliyo moyoni mwake, nilipotea.

Mwalimu wetu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliniuliza karatasi ile inasema nini. Neno la mama nililijua. La kupooza sikulijua. Nikaulegeza mkono wangu wa kulia, ukaning'inia mbele yake. Akatazama ule mkono, akasema nikafunge mizigo. Chuo kikanipa ruhusa mpaka muhula mpya uanze, nikirudi nifanye mtihani ninaouacha.

Mama alikuwa ametolewa kwetu Karema, kando ya ziwa, na kulazwa nyumbani kwa kaka, Mpanda mjini, karibu na hospitali. Kaka alikuwa seremala. Alinipokea stesheni asubuhi, treni ikiwa imechelewa karibu siku nzima, na tulipokuwa tukitembea na sanduku kwenye vumbi akaniambia nisishtuke.

"Anaongea," alisema. "Ila Kiswahili kimemtoka."

"Kimemtoka vipi?"

"Hakipo. Kilichobaki ni Kibende tu."

Sikuelewa uzito wake hadi nilipoingia ndani. Baba yetu marehemu alikuwa Mfipa, mama Mbende, na nyumbani kwetu Karema tulilelewa kwa Kiswahili. Kaka alichukua Kibende kwa wenzake ziwani. Mimi nilipelekwa bweni kwa masista ningali mdogo, na huko kilugha kilikuwa na adhabu yake. Mama alinibembeleza kwa Kiswahili, alinigombeza kwa Kiswahili, alinifundisha kusali kwa Kiswahili. Sasa alikuwa amelala kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, ananitazama na kuniambia maneno, na mimi mwanaye sijui anasema nini.

Kaka alitoka asubuhi kwenda kwenye karakana yake na kurudi jioni. Wifi yangu alikuwa Msukuma, mtu mwema, lakini Kibende naye hakujua. Kwa hiyo mchana kutwa mama alikuwa na wanawake wawili wanaompenda wasiomwelewa.

Nilikuwa nimekuja na kitabu changu na kaseti za mazoezi ya kusikiliza. Mama akisinzia, nilikaa kibarazani na redio ya kaka nikarudia masomo. Kwenye somo nililoliacha tulikuwa tunajifunza jinsi Kichina kinavyotenganisha kusikia na kuelewa. Ting ni kusikiliza. Ukisikiliza ukaweza kuelewa, unasema ting de dong. Ukisikiliza na maana isikuingie, ting bu dong. Niliandika sentensi kumi za zoezi hilo pale kibarazani, zote sahihi.

Siku moja baada ya chakula mama alianza kurudia neno moja. Nilimletea maji, akageuza uso. Nilileta uji, kisha chombo cha haja. Wifi akaleta blanketi. Mama alilirudia neno lile mpaka sauti ikakauka, halafu akaanza kulia kimyakimya, chozi la jicho moja likiingia sikioni. Mimi na wifi tulibaki tumesimama.

Kaka aliporudi aliinama kumsikiliza. Akainuka, akakivuta kitanda hadi upande wa pili wa chumba.

"Alikuwa anasema jua linampiga machoni," alisema.

Mchana wote dirisha lilikuwa pale, na sisi tulikuwa pale.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuja wiki iliyofuata na lori la samaki, migebuka, akakaa nasi wiki mbili. Ndipo nikageuza daftari langu la msamiati wa Kichina, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Maji. Jua. Inua. Geuza. Kunauma wapi. Mama mdogo alitamka, mimi nikarudia jinsi nilivyozoeshwa darasani, mara tano kila neno, huku nikisikiliza sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Nilimwomba aseme polepole. Akawa anakosa subira.

"Nyie watoto wa shule," alisema. "Umevuka bahari kutafuta maneno ya watu. Ya mama yako ulimwachia nani?"

Niliandika neno lililofuata. Mama alikuwa anatusikiliza, sina hakika Kiswahili chetu alikielewa kwa kiasi gani.

Siku ya nne au ya tano nilimwambia mama sentensi nzima, kwamba nataka kumgeuza nimpanguse mgongo. Alinikazia macho. Kisha akanisahihisha neno moja, taratibu, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Wifi aliniambia tangu mama aletwe hakuwa amemwona akicheka. Nilimpangusa mgongo nikamaliza, nikaanza tena upya.

Mama mdogo alirudi Karema, nami sikuwa nimefika mbali. Nilijua maneno ya kumhudumia mgonjwa. Hayo mengine, ambayo mtu anataka kumwambia mamaye au kuambiwa naye, hayakuwamo katika daftari.

Mwishoni mwa Agosti siku zangu zikaisha. Nilimwambia kaka ningeweza kuandika barua kuomba muda zaidi.

"Watakupa?"

"Sidhani."

"Basi nenda. Hali yake ndiyo hii. Ukikaa utapoteza shule, na yeye hatapona kwa sababu hiyo."

Alisema bila ukali. Nilikasirika hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimetamani anikataze.

Asubuhi ya kuondoka nilikaa kitandani kwa mama nikamwambia kwa Kibende changu kwamba naenda, kwamba nitarudi. Alinishika mkono kwa mkono wake mzima. Akasema maneno mengi kwa mpigo, kuliko siku zote nilizokuwa pale. Nilishika neno la njia, nikashika la watoto, mengine yakapita. Kaka alikuwa nje anafunga sanduku langu kwenye baiskeli. Ningeweza kumwita. Ilikuwa hatua sita hivi. Lakini mama alikuwa ananitazama usoni akingoja, na mimi nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa ngazi ya kati hufanya mwalimu akimtazama: nikaitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa. Akaniachia mkono.

Mtihani niliufanya, nikafaulu. Barua ya kaka ilifika theluji ikiwa imeshaanza. Mama alikuwa amefariki na kuzikwa Karema wiki nyingi nyuma, wakati mimi nikiwa nasoma kwa ajili ya mtihani huo. Mwezi ule tulipewa insha juu ya mtu tunayemheshimu. Niliandika juu yake, ukurasa mmoja tu, maana maneno yaliniishia. Mwalimu alinisahihishia makosa kwa wino mwekundu, na chini akaandika kwamba insha ni fupi mno. Alikuwa na haki.

Nilirudi nyumbani baada ya kumaliza shahada. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyatunza maneno ya mama ya asubuhi ile kwa sauti tu, nikiyarudia njiani, bafuni, kitandani. Nilimtamkia kaka. Akajaribu, akashindwa, akasema nimpelekee mama mdogo.

Mama mdogo nilimkuta Karema, uani, anachambua dagaa. Nilimtamkia mara tatu. Aliacha kazi, akainamisha kichwa, akasikiliza vizuri kabisa.

"Hicho siyo Kibende, mwanangu," alisema.

Huenda kuyarudia miaka yote hiyo ndiko kulikoyapotosha. Mama mdogo akaendelea kidogo na dagaa, kisha akasema jua limekuwa kali, tuingie ndani.