Binti wa Makiso Aliyeimba Wimbo Wangu

Niliondoka Banalia kwa sababu ya wivu. Katika miaka ile ya vita wengine walikwenda Kisangani kutafuta chumvi, dawa au ndugu waliopotea. Mimi nilikwenda kumtazama usoni binti aliyekuwa akiimba wimbo wangu. Kabla sijaolewa na kuhamia Banalia nilikuwa mwimbaji wa orkesta moja ya Kisangani, na wimbo uliotupatia jina, "Masua", yaani meli, niliuimba mimi. Ulikuwa wimbo wa kucheza. Mwanamke anamsindikiza mpenzi wake kwenye meli ya Kinshasa, anamwagiza kitenge, viatu na manukato, na watu wanazungusha viuno wakicheka.

Asubuhi moja sokoni, Papa Lokwa, mchuuzi aletaye chumvi kwa baiskeli kutoka mjini, alitia kaseti katika redio aliyoifunga kwenye usukani. Nikausikia "Masua", lakini polepole, kwa sauti changa.

"Ni bavijana ba Makiso," alisema. "Banafufua nyimbo ya zamani. Sikia huyu Nadine, mama! Anaimba kuliko ule wa kwanza."

Hakujua kwamba wa kwanza ni mimi. Nilimuuliza tu anarudi mjini lini.

Barabara ya Kisangani ilikuwa imemezwa na msitu. Malori hayakupita tena. Kulibaki kijia cha baiskeli katikati ya majani marefu. Papa Lokwa alisukuma mzigo wake wa mafuta ya mawese, mimi nikafuata na kikapu cha mchele kichwani. Tulipita vijiji ambavyo milango yake ilikuwa wazi na ndani hamna mtu, wenyewe wamekimbilia porini. Tulilala tulipokaribishwa, na kuondoka kabla jua halijawa kali.

Kwenye kizuizi kimoja askari aliniuliza ninakwenda kufanya nini mjini.

"Kusikiliza muziki," nikajibu.

Alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Pita, mama. Wewe iko mutu wa kwanza kuniambia kitu ya muzuri leo."

Daraja la mto Tshopo lilipotokea mbele yetu, niliongeza mwendo. Mji niliouacha uking'aa ulikuwa na kuta zilizotobolewa na mabomu na paa za mabati zilizokunjamana. Papa Lokwa alikwenda na mafuta yake sokoni, mimi nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Makiso, mtaa wa katikati ya mji. Mwendeshaji alipajua mahali pa wale wanamuziki bila kuuliza. Hilo nalo liliniuma.

Makiso, katika ua wa duka lililopoteza paa, niliwakuta wakifanya mazoezi. Nadine nilimtambua mara moja kwa sauti, ingawa njiani nilikuwa nimejichorea mrembo mwenye maringo. Alikuwa mdogo, mwembamba, amejifunga kitenge kilichopauka. Alisimama mbele akasema, "Hii iko ya marehemu Mama Vero. Mungu amupumuzishe."

Marehemu! Vero ni mimi. Nilitaka kupiga kelele, lakini alianza kuimba, nami nikasikiliza. Maneno alikuwa ameyabadilisha. Mwanamke wake hakuagiza kitu: usilete kitenge, usilete viatu, ulete macho yako tu. Meli za Kinshasa zilikuwa zimekoma. Mto ulikatwa na vita, na karibu kila nyumba mjini ilikuwa na mtu wake upande wa pili. Nilielewa kila neno. Nilikasirika kwamba sikulitunga mimi.

Alipomaliza nilisonga mbele. "Huyo marehemu ni mimi."

Aliyekuwa akipiga gitaa akainua kichwa. Kumbe ni Tonton Bosko, mwenzangu wa orkesta, mzee sasa, ndiye pekee aliyebaki mjini kati ya wenzetu. Alikuja akanishika mkono, akaubonyeza kama anayepima ndizi.

"Vero? Banasema kijiji yenu iliunguzwa. Tulikufanyia kilio."

"Na baada ya kilio mukamupa mutu mwingine wimbo yangu?"

"Nilizania uko kaburini," alisema. "Lakini hata ungekuwa muzima, nani angeiimba? Uliacha orkesta, Vero. Hukurudi hata kusalimia."

Nikamgeukia binti. Nadine alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono, machozi yanamtoka, na nilimchukia zaidi kwa kuwa machozi yale yalikuwa ya kweli.

Alasiri ya Jumapili walifanya onyesho, mapema ili watu wafike nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Bosko aliniomba niimbe "Masua" kwa mtindo wetu wa zamani. Nilivaa kitenge changu cha safari, nikazungusha kiuno, sauti ikatoka safi kuliko nilivyotegemea. Watu walipiga makofi. Kina mama wa rika langu walitabasamu. Nikajiambia, hapo sasa!

Kisha akapanda Nadine. Hakucheza. Alipofika kwenye "ulete macho yako tu", mwanamume mmoja wa mbele alivua kofia akajifunika nayo uso. Halafu watu wote wakaanza kuimba naye, taratibu, mpaka sikuisikia tena sauti yake. Nilimwomba Mungu binti akwame katikati. Hakukwama. Mimi nilikuwa nimechezesha mji huo miaka na miaka, wala sikuwahi kuutoa machozi.

Siku iliyofuata, nyumbani kwa Bosko nilikofikia, nilikuwa nikifunga kikapu changu Nadine akaja na lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto.

"Mama Vero, tonton Bosko iko anasahau," alisema. "Zile nyimbo zingine ziko mu kichwa yako tu."

"Nikikupa zote utanifanya marehemu tena."

"Hapana, mama. Kila mara nitasema: iko muzima, iko Banalia."

Nilitazama mlango wa kutokea. Kisha nikakifungua kikapu. Papa Lokwa aliondoka bila mimi, nami nikabaki nikimfundisha wimbo baada ya wimbo uani kwa Bosko. Alishika kwa asubuhi moja kile kilichonichukua msimu mzima. Kila aliposhika, nilimsifu kwa mdomo, na ndani kitu kikaniuma.

Mwishoni aliuliza, "Iko ingine?"

"Hakuna," nikasema.

Ulikuwepo mmoja. Kiongozi wetu wa orkesta, marehemu kweli yeye, alinitungia nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na hatukuwahi kuuimba mbele ya watu.

Nilirudi Banalia na wachuuzi wengine, mvua ikitunyeshea karibu njia nzima. Nyumbani waliniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba waweza kumpenda mtu, ukampa ulichonacho, na wivu ukabaki palepale umekaa. Nampenda Nadine. Nyimbo zetu ziko salama kwake kuliko zilivyokuwa kwangu.

Ule mmoja nauimba shambani nikivuna mpunga. Nikisikia mtu anakaribia, nanyamaza.