Wazee Niliowabebesha Spika

Jumamosi nilikuwa mshereheshaji ukumbini Changamwe. Maprodyuza wanne wakongwe, waliorekodi nusu ya waimbaji wa Pwani, wameunda bendi yao, na hilo lilikuwa onyesho la kwanza.

Mchana wakaingia wazee wanne wamebeba nyaya. Nikadhani ni mafundi wa mitambo. Nikawaamkia, nikawabebesha spika, kisha nikawaelekeza jikoni wakale pilau na wafanyakazi. Walitii huku wakitazamana.

Ukumbi ulipojaa nikashika maikrofoni. "Wallahi hawa ni kama baba zangu," nikajigamba. "Wako njiani, wanakuja."

Wale wazee wakapanda jukwaani, midomo ingali inang'aa mafuta. Mkubwa wao akanishika bega, akainamia maikrofoni. "Haya mwanetu, wataje baba zako mmoja mmoja."